Ukuta wa jipsamu unavujisha maneno ya chumba cha ushauri nasaha, nifanyeje?

Nesi wa Makao Makuu

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaozijua kuta za jipsamu.

Tuna zahanati ndogo hapa Dodoma, tumepanga ukumbi wa chini kwenye jengo la ghorofa. Fundi alishusha silingi ukumbi mzima kwanza, kisha akagawa vyumba kwa bodi. Kwa macho pamependeza. Shida ni chumba cha ushauri nasaha, kimepakana na sehemu ya kusubiria, na waliokaa kwenye benchi wanasikia maneno yenyewe, si mvumo tu. Juzi kuna dada alikuja kuchukua majibu yake. Alipofungua mlango kutoka, benchi zima liliinamisha vichwa. Hakuna aliyesema kitu, ila alielewa. Hajarudi kuchukua dawa.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inatutaka tutunze siri ya majibu ya mtu, na hata isingekuwepo, mtu amekuja kwangu kwa kuniamini. Siku hizi nanong'ona. Wazee hawanisikii, inabidi nirudie kwa sauti, hapo ndiyo mbaya zaidi.

Ukuta una unene wa kama sentimita 10, ukiugonga unalia debe tupu. Mlango ni wa flashi. Nina soketi ukutani na nyuma yake, upande wa benchi, kuna nyingine. Mwenye jengo hataki tofali. Kuna mtu kanishauri nibandike sponji. Bajeti yangu si kubwa. Naomba kuwasilisha.

Mdau wa Sinza

Dada pole sana. Tafuta trei za mayai, bandika ukuta mzima kwa gundi. Studio nyingi za mtaani wamefanya hivyo na sauti inatoka safi. Bei ni ya kutupwa.

Fundi Bodi

Nesi, pole kwa hilo la huyo dada. Kazi yangu ni bodi, nimefunga maofisi mengi Dar na Morogoro, na jambo unalolieleza nakutana nalo kila mara kwa sababu vyumba vinajengwa kwa kuangalia macho tu.

Mdau wa Sinza, kwa heshima, trei na sponji vinafanya kazi nyingine. Vinapunguza mwangwi ndani ya chumba, ndiyo maana studio sauti inatoka safi. Kuzuia sauti isitoke kunataka uzito na kuziba, na trei la mayai halina uzito wala haliwezi kuziba. Nesi akibandika, chumba kitatulia kidogo, na kwenye benchi wataendelea kusikia vilevile. Isitoshe, karatasi na sponji vikishika moto ndani ya zahanati ni balaa.

Sasa tuje kwenye ukuta. Mtu akiongea kawaida, umbali wa mita moja, ni kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukuta wa bodi moja ya milimita 12 kila upande, katikati hewa tupu, unakata kama 35. Zinazobaki 25 zinatosha kabisa kusikika kwenye chumba kilichotulia. Ukijaza pamba ya mawe au ya glasi katikati, yale magodoro ya nyuzi laini ya kujazia kuta, unapata kama 40. Ukiongeza bodi ya pili upande mmoja unakaribia 45, na hapo watu husikia mvumo bila kushika maneno. Bodi mbili pande zote mbili pamoja na pamba, unafika 50 hivi. Hesabu hizo ni za ukuta uliozibwa vizuri, wa kwako nina wasiwasi haufiki hata hiyo 35.

Umesema silingi ilishushwa kwanza, ndipo ukuta ukajengwa. Maana yake ukuta umeishia kwenye silingi, na kati ya silingi na zege la ghorofa ya juu kuna uwazi unaounganisha chumba chako na benchi. Sauti inapanda kwenye silingi yako, inatembea kule juu, inashukia kwa wanaosubiri. Hata ungejenga ukuta wa bodi nne, ile njia ya juu iko palepale. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, fungua sehemu ya silingi karibu na ukuta, kwenye taa kwa mfano, umulike tochi. Ukiona mpaka chumba cha pili, umeshajua.

Halafu usiku zima taa, mtu amulike tochi upande wa pili, pita pole pole chini ya ukuta, kwenye kona, kwenye soketi na kuzunguka fremu ya mlango. Panapopita mwanga, sauti inapita. Msidharau vitundu. Uwazi wa sentimita moja chini ya mlango wenye upana wa sentimita 90, kwenye ukuta wa mita za mraba 10, unatosha kuubana ukuta wote usivuke desibeli 30, hata uwe wa zege.

Nesi wa Makao Makuu

Asante sana Fundi, Mungu akubariki. Nimefungua taa moja ya silingi na kumulika. Ni kama ulivyosema, naona mpaka chumba cha sindano, na mabomba ya AC yanapita humo humo. Pale chini ya ukuta mwanga unapenya mstari mzima, sakafu haikunyooka. Na soketi zimetazamana kabisa.

Nianze na kipi kama fedha ni kidogo? Na ile pamba, naweza kuweka nguo za mitumba zilizochakaa? Kuna mtu kaniambia zinafanya kazi ileile.

Fundi Bodi

Anza juu. Panda na bodi kutoka silingi mpaka kwenye zege, juu ya mstari wa ukuta uleule, ukizunguka chumba chako kizima na si upande wa benchi tu. Mabomba yakatie tundu lake, uwazi unaobaki uzibe kwa silikoni ya akriliki. Povu la kopo usilitegemee, ni jepesi mno. Kama mabomba ni mengi na bodi haiwezi kupita, tandaza pamba ya mawe juu ya silingi, upana wa mita 1.2 kila upande wa ukuta. Haifikii bodi, ila ni bora kuliko kuacha wazi.

Pili ni mlango. Flashi ndani yake ni tupu. Ukipata mlango mzito wa mbao ngumu ni heri, ukikosa, funga raba kuzunguka fremu yote na raba ya kufagia chini. Ufunge kwa kubana, si kwa kugusa.

Tatu soketi. Hamisha moja isogee mpaka uwazi mwingine wa chaneli, vile vyuma vya ndani vinavyoshika bodi, usiziache zitazamane. Umeme aguse fundi umeme.

Ndipo uje kwenye ukuta. Upande wako, fungua bodi, jaza pamba ya sentimita 5, funga bodi ya milimita 12, kisha ya pili juu yake, viungo visikutane. Mafundi wengine watakuletea ya 9 kwa sababu ni nafuu, ikatae, ile ni ya silingi. Ya 12 yenye ukubwa wa mita 1.2 kwa 2.4 inafika kilo 25 hivi, uzito huo ndio unaoununua. Na usikubali bodi mpya ipigwe juu ya vipande vya mbao kwenye ukuta wa zamani ukiacha kijiuwazi cha sentimita mbili. Sauti nzito za kiume zitapita kuliko mwanzo.

Mitumba inameza sauti kweli, sikatai. Ila ndani ya ukuta wenye nyaya za umeme sikushauri hata kidogo, na panya watashukuru. Pamba ya mawe haiungui. Anayeikata avae barakoa na glavu.

Mfamasia wa Mtaa

Nesi, wakati unakusanya fedha, hamisha benchi leo. Sisi tulizungusha benchi likakaa ukuta wa mbali, karibu na dirisha la barabarani, tukawasha redio na feni upande wa wanaosubiri. Redio iwe upande wao, si ndani kwako. Na meza yako isogeze mbali na mlango, mteja akae akiupa mgongo ukuta wa nje.

Nesi wa Makao Makuu

Benchi limeshahama, asanteni. Fundi wa hapa anakuja Jumamosi kwa ajili ya kule juu. Nimjaribu vipi kabla hajapiga skimu na rangi?

Fundi Bodi

Weka redio ya mazungumzo, taarifa ya habari, si muziki, mezani kwako, sauti ya mtu anayeongea kawaida. Funga mlango, zima feni ya nje, ukae benchini wewe na mtu mwingine mwenye masikio mazuri. Mkishika sentensi nzima, pitisha sikio kwenye kona na chini ya ukuta mpaka mpate panapovuja, azibe hapo hapo. Bodi zisiguse sakafu, aache milimita 5 kisha ajaze silikoni mstari wote, pande zote mbili. Usimlipe malizio kabla ya hapo.