Ngiri kwenye kovu la kupandikizwa ini: matundu au kufungua tumbo?

Bi_Mkomani (Lamu):
Asalaam aleikum. Mgonjwa ana ini la kupandikizwa, mwaka wa 2 huu. Kando ya kovu ngiri imetokeza, ukubwa wa ndimu, akilala hurudi ndani. Anameza takrolimasi na everolimasi, dawa za kuzuia mwili usilikatae ini. Daktari ametaja upasuaji wa matundu, wa kupitisha kamera na vifaa kwenye vitundu vidogo. Tuulize nini kabla ya kukubali?

Tabibu_Malindi:
Waaleikum salaam, dada. Anzeni na hiyo everolimasi, matundu baadaye. Huzuia seli zinazojenga nyama mpya kwenye kidonda, na huenda ngiri yenyewe imechangiwa nayo. Upasuaji ukiwa wa kupanga, husimamishwa wiki kadhaa kabla na takrolimasi hurekebishwa kufidia, hadi kidonda kipone. Wa kubadilisha ni timu ya ini. Nyinyi msiguse hata kidonge kimoja.

Kisha itafuteni ripoti ya upasuaji wa kupandikiza. Kama mrija wa nyongo uliungwa na utumbo, mpasuaji ajue utumbo huo umepita wapi kabla hajaanza kubandua yaliyogandana. Chini ya kovu matumbo hugandana na ukuta, pengine na ini lenyewe. Tundu la kwanza likipigwa hapo, utumbo hutoboka. Kwa hiyo hupigwa mbali na kovu, tabaka kwa tabaka, mpaka ndani kuonekane. Wavu wa kuziba ngiri nao upite ukingo wa ngiri sentimita 5 hivi kila upande.

Nesi_Langoni:
Langu ni dawa. Damu ya kupima takrolimasi hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi: aliyemeza saa 2 usiku atolewe saa 2 asubuhi. Akimeza kwanza kwenye boti ya Mokowe, kipimo kitasoma juu na dozi itapunguzwa bure. Balungi, furungu na danzi aache, hata juisi (najua Amu hilo ni gumu). Dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, hapana, zikikutana na takrolimasi huumiza figo. Flukonazoli (ya fangasi) na klarithromisini (antibiotiki) huipandisha takrolimasi kwenye damu, rifampisini (ya kifua kikuu) huishusha.

Bi_Mkomani:
Na wakianza kwa matundu kisha wakafungua?

Tabibu_Malindi:
Hapo mpasuaji hajashindwa. Matumbo yakiwa yamegandana vibaya, kufungua ni salama kuliko kung'ang'ania kamera. Mkubaliane hilo kabla ya kutia sahihi. Ila ngiri ikikataa kurudi, ikawa ngumu yenye maumivu, naye anatapika, hiyo ni dharura. Msingoje basi la asubuhi.