Matuta mbele ya shule: tumtagi nani?

MzaziPwani:
Wanajukwaa, hamjambo. Sisi wazazi wa shule moja ya msingi huku Pwani tunaomba matuta na kivuko, kwa maana kila asubuhi watoto husimama ukingoni wameshikana mikono huku malori yakiwapita kwa kasi na kuwarushia vumbi usoni. Niliweka picha Facebook na X, nikawatagi watu 26, kuanzia Rais hadi watangazaji wa redio, lakini hakuna aliyejibu. Nilikosea wapi?

KaraniMstaafu:
Pole sana, mzazi mwenzangu. Ukiwataja watu 26, kila mmoja hudhani mwingine ndiye atakayejibu. Ulizia kwanza barabara hiyo ni ya nani, kwa sababu hapa Kenya KeNHA husimamia barabara kuu za kitaifa, KURA zile za mijini, KeRRA za mashambani, na nyingine ziko chini ya serikali ya kaunti. Gavana akitagiwa kuhusu barabara isiyo yake, hana la kufanya ila kunyamaza. Ukishajua, mtagi mwenye barabara pamoja na mbunge wenu, basi. Sentensi ya kwanza itaje mahali, ya pili itaje ombi.

SautiYaMtaa:
Wapo wanaosema kuwatagi viongozi ni kelele tu, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza kodi, ulipofika bungeni, vijana waliwataja wabunge mmoja mmoja wakiwauliza watapiga kura gani, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Mitandao haikufanya kazi hiyo peke yake, maana watu waliandamana na wengine wakapoteza maisha. Hata hivyo swali lilikuwa moja, na liliulizwa kwa mwenye kura kabla hajaipiga. Nisichokipendekeza ni kusambaza nambari za simu za binafsi, kama ilivyofanyika wakati ule. Tumia akaunti ya ofisi, na tafadhali zifiche nyuso za watoto katika picha hiyo.

KaraniMstaafu:
Naongeza jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: andikeni barua. Ipelekeni ofisini, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha muhuri huo ndio mpige picha na kuuweka mtandaoni mkimtagi mhusika, kwa kuwa hapo hawezi kudai kwamba hakuarifiwa. Katika barua hiyo ulizeni pia iwapo matuta yamo katika mpango wao wa kazi, kwani Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai wa mtu.

MzaziPwani:
Ahsanteni sana. Ile picha nimeifuta. Jumatatu mimi na mwalimu mkuu tutapeleka barua, na nikipata muhuri nitauweka hapa.