TUPEANE UZOEFU: Daftari za mababu, hati kongwe na kumbukumbu za wazee

Kasha_la_Bibi
Assalaam alaykum. Leo hapa Shangani, Mji Mkongwe Unguja, kuna daftari la babu wa watu lililorowa limeanikwa ukutani juani kama papa. Roho imeniuma, ndio naanzisha uzi. Wenye daftari, hati za shamba, nasaba na maneno ya wazee: mnaanzia wapi, na huharibika wapi? Wanaotafuta ukoo wa kifalme wana uzi wao, tafadhali.

Fundi_Jalada
Juani hapana! Jua linafifisha wino na kukunja karatasi, na kurasa za nje zinakauka huku za ndani zimeshikana. Lisimamishe daftari wima kivulini, kurasa zikiwa wazi kidogo, feni ipite pembeni isilipige usoni. Kila baada ya kurasa kumi hivi tia karatasi nyeupe ya kunyonya maji na uibadilishe ikirowa. Gazeti usitie, wino wake unahamia. Una siku mbili tu kabla ya ukungu kuota, na kwa joto letu hili pengine hata hizo hufikishi. Ukiona hutawahi, lifunge katika mfuko wa plastiki ulitie friza. Litangoja humo mpaka upate nafasi. Na selotepu usiiguse, gundi yake hugeuka rangi ya chai na haitoki tena.

mwana_chuoni
Ongeza hili. Kabla ya kufuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kumbuka wino wa zamani wa masizi na ule wa zafarani huyeyuka kwa maji. Kombe, yale maandishi ya dua yanayooshwa kwa maji akanywa mgonjwa, linanyweka kwa sababu hiyo hiyo. Ukipangusa ukurasa, umeshalinywa daftari.

Ukutani
😂 Kabisa.

Yakhe_wa_Wete
Yakhe, nyie wa mjini mna mambo. Sisi Pemba twatia karafuu ndani ya kasha, basi. Hapana mende, hapana nondo.

Fundi_Jalada
Karafuu ina mafuta. Ikigusa karatasi inaacha doa la kahawia, na ukungu hauiogopi. Ukitaka lazima, ifunge kitambaani uiweke pembeni ya kasha, mbali na daftari.

Yakhe_wa_Wete
Kwa hiyo karafuu zetu tuzitupe?

Fundi_Jalada
Ziuze ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu.

Yakhe_wa_Wete
Haya bwana, mtaalamu wa karatasi kawa mtaalamu wa karafuu.

Mshona_Kofia
Mnagombania karafuu, na kosa linalovunja ukoo ni TAREHE. Someni mpaka mwisho.

Chukua mstari kama huu: "Kazaliwa binti, usiku wa Ijumaa, 8 Shaaban, 45." Wajukuu wanasoma 1945. Wanafungua hati ya ndoa ya huyo binti, iliyoandikwa kwa miladi, yaani kalenda ya kizungu: kaolewa 1946. Bibi harusi wa mwaka mmoja! Hapo kikao cha familia kinawaka. Huyu anasema hati ya kughushi. Yule anasema palikuwa na mabinti wawili wa jina moja, mmoja kafichwa. Wa tatu anaapa kwamba bibi si wa nyumba ile, na mirathi ya shamba inasimama hapo hapo, watu hawasalimiani hata msibani.

Hakuna aliyeghushi. Hiyo 45 ni 1345 hijria, kalenda ya Kiislamu, tarakimu za mwanzo zimeachwa kama sisi tunavyosema "mwaka themanini na tano". Zidisha mwaka wa hijria kwa 0.97, ongeza 622: 1345 inakupa 1926 na ushei. Mwaka 1345 ulianza Julai 12, 1926, kwa hiyo 8 Shaaban inaangukia Februari 11, 1927. Bibi kaolewa na miaka yake kumi na tisa, hana kosa lolote.

Halafu hakiki kwa siku ya wiki. Februari 11, 1927 ni Ijumaa, sawasawa na daftari. Lakini usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo mtoto kazaliwa Alhamisi ya tarehe 10 baada ya magharibi. Mwezi wa hijria huanza kwa kuonekana mwezi mwandamo, basi siku moja mbele au nyuma isikutishe. Ikipishana siku nne, umekosea mwaka.

Kipimo cha pili ni fedha. Tazama hesabu za ukurasa ule ule. Rupia iliondoka Zanzibar mwanzoni mwa 1936, ikabadilishwa moja kwa shilingi moja na nusu. Daftari likinunua mchele kwa rupia, hiyo 45 haiwezi kuwa 1945. Hapa nasema hesabu iliyoandikwa. Mdomoni mtu huweza kutaja sarafu ya zamani mpaka anakufa.

Ukutani
Hapo kwenye mwaka umenigusa. Kabisa.

Binti_Makunduchi
Ehe, na shamba likawaje?

Mshona_Kofia
Shamba gani? Huo ni mfano, bibie. Nafundisha kusoma.

Binti_Makunduchi
Mfano wenye msiba na watu wasiosalimiana? 🤔

Yakhe_wa_Wete
Hilo shamba nna hakika lina mikarafuu.

mwana_chuoni
Turudini kwenye khati. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kina mitego. Ba hubeba b, p na mb, irabu e na i hushirikiana alama, vivyo hivyo o na u. Neno la ba na ta laweza kuwa bata, pata au mbata. Likija na bei kwa frasila, kipimo cha zamani cha uzito, ni mbata, yaani nazi kavu, maana hakuna auzaye bata kwa frasila. Jina la mtu usilikisie, litafute pengine ndani ya daftari likiwa na alama kamili.

Binti_Makunduchi
Kwa wazee: usiulize "mwaka gani". Uliza ulikuwa wabebwa, watembea, au ushaanza kujifunga kanga wakati wa jubilei ya Sultani Seyyid Khalifa (1936), mgomo wa 1948, vita vya ng'ombe vya 1951, Mapinduzi. Na usimsomee daftari kwanza, atakurudishia maneno yako. Waulize wawili, kila mmoja peke yake, kisha ndio ufungue daftari.

Kasha_la_Bibi
Na hati za serikali?

Mshona_Kofia
Nyaraka za Taifa, Kilimani. Nenda na kitambulisho, kalamu ya risasi, na majina matatu ya mtu pamoja na kijiji. "Juma bin Ali" peke yake wako mia. Za wakfu ulizia Kamisheni ya Wakfu, za ndoa na talaka kwa kadhi, na shamba lililogaiwa baada ya Mapinduzi tafuta karatasi ya eka tatu. Jengine watu hawalitaki: amri ya 1897 ya utumwa Zanzibar ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, kwa hiyo wapo mababu ambao karatasi yao ya kwanza ni hiyo ya uhuru.

Ukutani
Kwetu hayo ya utumwa hayapo, sisi nasaba yetu Shiraz, Uajemi.

mwana_chuoni
Ya kila mtu Shiraz, sheikh. Mashua ilikuwa kubwa sana.

Kasha_la_Bibi
Jamani, lile daftari la Shangani limeanuliwa. Kurasa nane za kati zimegandana, na kijana keshachukua kisu cha mezani.

Fundi_Jalada
MNYANG'ANYE KISU. Nani wa karibu ana friza?

Yakhe_wa_Wete
Na karafuu je?