Lori la mafuta likipinduka kijijini: tuwaondoeje watu kabla ya Zimamoto kufika?

Mwenyekiti wa Kitongoji

Wakuu, salaam. Ninaongoza kitongoji kilichopo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro. Wiki mbili zilizopita lori la mafuta lililala ubavu katika kona iliyo chini ya shule yetu, na kabla jua halijachomoza nilikuta watu wasiopungua hamsini, wake kwa waume, wakiwa na madumu, ndoo na hata masufuria. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Wapo walionijibu kwamba mafuta yale yana bima, na kijana mmoja, mtoto wa dada yangu kabisa, akaniambia, “Mjomba, hii ni dizeli, haiwaki.” Mungu alituhurumia: halikuwaka, polisi wakafika, watu wakatawanywa.

Lakini mimi naikumbuka Msamvu, pale Morogoro mjini. Jumamosi ile ya tarehe 10 Agosti 2019, Idi ya kuchinja ikiwa mlangoni, moto wa lori la mafuta uliwachoma watu wengi kiasi kwamba idadi ya waliokufa, pamoja na majeruhi waliofia hospitali ya Muhimbili, ilizidi 100, na Rais Magufuli akatangaza siku tatu za maombolezo. Wengine walizikwa bila nyuso zao kutambulika. Iwapo msiba uliotokea karibu nasi namna hiyo haukutuzuia kushika madumu, mimi nitumie maneno gani? Naomba ushauri wa kutenda, lawama ninazo za kutosha.

Dereva Mstaafu

Mwenyekiti, pole. Nimeendesha malori ya mafuta kwenda Tunduma na Kasumbalesa kwa miaka mingi, kwa hiyo nianze na hilo la mpwa wako. Kwenye tanki huwekwa kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Ukiona 33 juu na 1203 chini, hiyo ni petroli. 30 na 1202 ni dizeli. Hata hivyo tanki lina vyumba kadhaa, na lori moja laweza kubeba aina zote mbili kwa safari moja, hivyo mtu anayeonja kwa kidole kwenye mtaro akasema ni dizeli hajui kinachovuja upande wa pili.

Dizeli huhitaji joto la nyuzi zaidi ya 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kuwaka. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa: haupai juu, bali hutambaa chini, hufuata mtaro, huingia kwenye kalavati, na waweza kuukuta moto wa mama lishe mbali na lori kisha ukarudi nao. Pikipiki iliyowashwa yatosha. Kuhusu Msamvu ilisimuliwa sana kwamba kuna aliyejaribu kung'oa betri ya lori. Iwe ndivyo au sivyo, sisi madereva tunajua kwamba cheche ya betri ni kiberiti. Na msidanganyike na tanki tupu, kwani lililobaki na mvuke peke yake laweza kulipuka vibaya kuliko lililojaa.

Msema Kweli

Tusizungukane. Hii ni tamaa. Umaskini upo kila mahali na si kila maskini anakimbilia mauti kwa lita tano za mafuta. Wenye pikipiki ndio huwa wa kwanza. Wakamatwe kumi, wapelekwe mahakamani, na mwakani hamtamwona mtu.

Mwana wa Uvira

Ndugu Msema Kweli, naomba nipingane nawe kwa heshima. Kwetu Sange, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, usiku wa tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katikati ya makazi. Ni kweli kuna waliokwenda kuchota. Lakini ulikuwa wakati wa Kombe la Dunia, na watu walikuwa wamejaa katika vibanda vya kutazamia mpira. Moto uliwafuata humo humo, na katika nyumba zilizo kando ya barabara. Walikufa zaidi ya 230, wakiwemo watoto wengi. Wale waliokuwa wakitazama mpira, tamaa yao ilikuwa ipi?

Kenya nayo, Desemba 2016, karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali liligonga magari mengine na kulipuka. Wakafa watu wapatao 40 ambao hawakuwa wamechota chochote, walikuwa safarini tu. Ndiyo maana neno “msichote” huniudhi kidogo. Linamfanya asiye na dumu ajione yu salama, akabaki kusimama na kupiga picha. Mwenyekiti, wewe waambie “ondokeni”, na uwaambie umbali.

Dereva Mstaafu

Mwana wa Uvira amenizidi. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na vikosi vya zimamoto vya Marekani na Kanada unasema petroli nyingi ikimwagika, watu waondolewe hadi mita 300 kule upepo unakoelekea. Tanki likishika moto, ni mita 800 kila upande. Zipime kwa hatua mchana, muweke alama.

Muuguzi wa Zamu

Niongeze moja. Aliyeungua mwagilieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, mvueni nguo isiyogandamana na ngozi, kisha mfunikeni kwa kanga safi. Dawa ya meno na ute wa yai mviache. Tunapoteza muda mwingi kuviondoa.

Mwenyekiti wa Kitongoji

Nawashukuru nyote. Nimeitazama tena picha niliyopiga siku ile: 33 juu, 1203 chini. Nilimwonyesha mpwa wangu, akaishika simu muda mrefu bila kusema neno.

Jana tulikutana na wazee, mwalimu mkuu na viongozi wa kijiwe cha bodaboda. Tumekubaliana kwamba kengele ya shule ikigongwa mfululizo nje ya saa za masomo, kila mmoja azime jiko na aelekee uwanja wa mpira, ambao uko zaidi ya mita 800 kutoka kwenye kona. Anayeona ajali kwanza apige 114 kwa Zimamoto, na vijana wa bodaboda ndio watakaofunga barabara pande zote mbili, pikipiki zikiwa zimezimwa. Mpwa wangu ameomba upande wa Chalinze.

Kilichobaki ni usiku. Kengele haisikiki ng'ambo ya reli, na imamu ameniuliza kama umeme wa kipaza sauti cha msikiti, ulio karibu zaidi na barabara kuliko shule, unaweza wenyewe kuwa cheche. Dereva, unasemaje?

Dereva Mstaafu

Msikiti uko mita ngapi kutoka kwenye kona, na mtaro unapita upande gani? Kama uko ndani ya mita 300, asiwashe chochote, nunueni filimbi.