MJADALA: Kitabu cha kale cha picha za wanyama kikatwe, kiuzwe ukurasa mmoja mmoja?

Tusitawanyike, tushike mfano mmoja: picha 150 za wanyama wa Amerika Kaskazini za mchoraji Mmarekani John James Audubon na mwanawe John Woodhouse. Ni litografia, yaani picha zilizochorwa juu ya jiwe kisha zikapigwa chapa karatasini, zilizochapwa na J. T. Bowen, Philadelphia, 1845 hadi 1848, zikapakwa rangi kwa mkono. Je, ni haki kuzitenganisha?

Muuza Vitabu: Mimi nasema ndiyo. Zilitoka kwa mafungu 30, kila fungu picha 5, na mnunuzi mwenyewe ndiye aliyezipeleka kwa mfunga vitabu. Maandishi ya maelezo ya wanyama hao, ya mwenzake Audubon aitwaye John Bachman, yalichapwa kando. Karatasi kubwa namna ile, ukizifunga 50 pamoja, uzito wote unaangukia mshono. Kila ukifungua, uzi unalegea na rangi inasuguana na ukurasa wa pili.

Mkutubi: Mkuu, mtazame kicheche mwenye miguu myeusi. Pichani ananyemelea kiota chenye mayai, wakati chakula chake hasa ni mbwa-nyika, wale wanyama wa jamii ya kindi wanaochimba mashimo mbugani. Sayansi ilimjua kwa maelezo ya 1851 yaliyotokana na ngozi moja, na ngozi yenyewe ikapotea. Kwa zaidi ya miaka 20 wataalamu walitilia shaka kama mnyama huyo yupo. Picha peke yake ukutani haikwambii lolote kati ya haya, tena inakudanganya kuhusu mlo wake!

Fundi Karatasi: Kisu nacho kina madhara yake. Ukikata kando ya mshono, ukingo mmoja unapungua, kisha muuzaji anapunguza mingine mitatu ilingane. Jina la mchapaji liko chini kabisa, na likienda, mnunuzi anabaki kutegemea lenzi ya mara 10: litografia halisi huonyesha chembe zisizo na mpangilio, kama mchanga; nakala ya kisasa huonyesha vitone vilivyopangwa safu. Halafu fremu. Kadibodi yenye asidi huacha mstari wa kahawia kuzunguka picha, na gundi ya selotepu huzama ndani ya karatasi. Tumieni bawaba, yaani vipande vidogo vya kushikilia picha, za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, juu tu, ili karatasi ipumue. Mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga).

Muuza Vitabu: Hayo nakubali. Basi tukate vile tu ambavyo tayari vimepoteza kurasa, na kabla ya kisu kila ukurasa upigwe picha na kuandikwa namba nyuma kwa penseli laini.

Mkutubi: Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Upungufu hutengenezwa: leo zinatolewa picha tatu za bei kubwa, mwakani kitabu kinaitwa pungufu na kisu kinahalalishwa. Kagueni vishina, yaani vipande vya kurasa zilizokatwa, vilivyobaki kwenye mshono. Mkato wa zamani umeiva rangi sawa na karatasi nzima; wa juzi bado mweupe.