Serikali imlipie mwanagenzi, au ni kutwanga maji kwenye kinu?

Mchokonozi: Wakuu, salaam. Karibu kila serikali ikibanwa na ajira za vijana, jibu ni lile lile: "tutapanua mafunzo ya uanagenzi". Swali langu ni dogo. Kwa nini fedha ya mlipa kodi imlipie kijana akajifunze kazi kiwandani au kwa fundi, wakati atakayevuna ni mwenye kiwanda? Si ajilipie mwenyewe? Leteni hoja, matusi hapana. Na tafadhali, msiniletee mafundi wa "njoo kesho" kama mfano wa walimu.

BintiLeja: Hajilipii kwa sababu akishamfundisha kijana, jirani anamvuta kwa nyongeza kidogo tu. Mchumi Gary Becker aliliandika hili 1964: ujuzi unaotumika kokote, mwajiri hana sababu ya kuugharamia, anayeugharamia ni mwanafunzi mwenyewe kwa kukubali ujira mdogo. Sasa mtoto wa maskini avumilie ujira mdogo mpaka lini? Hapo ndipo serikali inapoingia.

FundiCherehani: Mleta mada, ungeishia kwenye "matusi hapana" tungeelewana. Hiyo ya "njoo kesho" ya nini? Nimefundisha vijana kumi na mmoja, sita leo wana cherehani zao, na hakuna serikali iliyowahi kunipa hata sindano. Halafu mtu ambaye kifungo kikimdondoka anampigia mama yake simu, anakuja kunipima ualimu.

Mchokonozi: Nimetupa jiwe gizani, nasikia "yalaa".

MamaMapacha: Namuunga mkono mleta mada asilimia mia. Nguo yangu ya harusi ya mdogo wangu niliambiwa kesho, kesho, kesho. Ikatoka Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Kipanga: Pole dada. Itunze, itafaa harusi yake ya pili.

MamaMapacha: Kipanga, ndoa ya mdogo wangu inakuhusu nini? Mtu mzima hovyo.

MlaTakwimu: Turudi kwenye mada. Uingereza walishajaribu. Waliweka tozo ya uanagenzi 2015 ile, kila kampuni ikawa inakatwa. Wanagenzi wakapungua badala ya kuongezeka. Kwisha habari.

BintiLeja: Ni Aprili 2017, na si kila kampuni. Ni mwajiri ambaye mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka, anakatwa asilimia 0.5. Kupungua ni kweli: kwa England peke yake walioanza mwaka wa masomo 2016/17 walikuwa kama 495,000, mwaka uliofuata wakashuka hadi kama 376,000. Ila usiseme "kwisha habari" kabla hujauliza hela ilienda wapi. Ile tozo kampuni iliruhusiwa kuitumia kulipia mafunzo ya wanagenzi wake, na isipotumika ndani ya miezi 24 ilikuwa inapotea, basi kampuni kubwa zikaona heri kuwasomesha uongozi mameneja wao na kuwaandikisha kama wanagenzi. Mtu ana miaka arobaini na tano, ana gari la ofisi, eti mwanagenzi!

MlaTakwimu: Tozo ilitangazwa 2015. Kwa hiyo sikukosea.

BintiLeja: Uliandika "waliweka". Hukuandika "walitangaza".

MlaTakwimu: Kuna watu wakisahihisha tarehe wanadhani wamejibu hoja.

MzeeMsumeno: Wanangu, mwaka nao wa kugombania? Tazameni Ujerumani. Kijana anakuwa kazini siku tatu au nne za wiki, siku moja au mbili yuko darasani. Posho anailipa mwajiri, shule inalipiwa na serikali. Sheria yenyewe ni ya 1969, na tangu 2020 posho ina kima cha chini. Fani zinazotambuliwa zimepita 300. Na mtihani wa mwisho hausimamiwi na bosi wake, unasimamiwa na chemba, yaani chama, ya mafundi au ya wafanyabiashara. Hilo la mtihani ndilo watu wanalisahau.

Kipanga: Shikamoo mzee. Lakini Ujerumani, Ujerumani, kila mada Ujerumani! Wale wana vyama vya mafundi tangu enzi za mababu wa mababu zao. Nchi isiyo na hayo ikimwaga fedha tu, kijana atapata fulana, kofia na picha na mgeni rasmi. Kazi ataikuta hajui vile vile.

MzeeMsumeno: Marahaba. Hao wa vyama msidhani walikuwa malaika. Uingereza sheria ya 1563 ilimfunga kijana kwa bwana wake si chini ya miaka saba. Mchumi Adam Smith alilipigia kelele 1776, akasema kazi nyingi hazihitaji hata sehemu ya muda huo. Kifungu chenyewe kikaja kufutwa 1814. Mimi nimetumikia miaka minne kwenye useremala. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa nafagia maranda na kumbembeleza mtoto wa bwana. Randa sikuigusa. Serikali ingeleta posho wakati ule, ingeishia kwa bwana, na mimi ningeongezewa mtoto wa pili wa kubembeleza.

FundiCherehani: Mzee, kwa heshima yako, sisi sote si wa kufagisha watu. Na kwa kuwa yule dada wa harusi bado ana donge, ngoja niwaambie hiyo "kesho" inatoka wapi.

Mwezi uliopita nilimpa kijana wangu, ana miezi mitano, akate suruali ya suti. Nilichora mimi kwa chaki, mstari wa mshono na mstari wa kukatia, nikasimama pembeni. Mkasi ukamtetemeka mkononi, akafuata wa ndani badala ya wa nje. Sentimita mbili tu. Lakini kitambaa kikishakatwa hakirudi, mguu wa kulia ukawa umekwenda na maji. Nikaingia mfukoni kwangu, nikazunguka nusu siku kutafuta kitambaa kile, hakuna, nikapata cha kukaribiana. Niliporudi nikamwita yule yule, nikampa mkasi, nikamwambia kata. Maana nikikata mimi hatajua milele. Siku nzima sikushona hata pindo la kunilipa. Mteja akapiga simu. Ulitaka nimwambie nini? Nikamwambia kesho. Serikali ikitaka kulipia kitu, ilipie ile siku.

BintiLeja: Na hiyo siku haina mstari kwenye fomu. Fomu zinataka kodi ya ukumbi, vifaa, mkufunzi mwenye cheti. Fundi, cheti unacho?

FundiCherehani: Cheti cha nini?

BintiLeja: Basi hupati kitu. Atapata mwenye ukumbi.

Mchokonozi: Hapo mmenigusa kidogo, sikatai. Lakini serikali itajuaje aliyeharibu ni mwanafunzi? Wiki ya pili kila fundi atakuja na gunia la vipande anadai fidia.

BintiLeja: Lipa nusu kijana akianza, nusu akifaulu mtihani uliosimamiwa na mtu mwingine, kama alivyosema mzee.

Kipanga: Halafu fundi achukue wenye mikono myepesi tu, wazito awatimue kabla ya mtihani. Nusu ya kwanza keshakula.

MlaTakwimu: Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, la 2023 (mwaka nimeuhakiki, Binti usihangaike), linataka mwanagenzi awe na mkataba wa maandishi na malipo yanayostahili. Fundi, mkataba wa kijana wako uko wapi?

FundiCherehani: Mama yake alimleta asubuhi kamshika mkono, akasema "nakuachia huyu". Mkataba ndio huo. Malipo, nampa nauli na anakula ninachokula.

MlaTakwimu: Kwa hiyo halipwi.

FundiCherehani: Umesoma pale nilipoandika nimenunua kitambaa kwa hela yangu, au ulikuwa unatafuta namba tu?

MamaMapacha: Ngojeni kwanza. Fundi, hiyo suruali ya mwezi uliopita, ilikuwa rangi gani?

FundiCherehani: Kijivu.

MamaMapacha: Mume wangu ana suti ya kijivu, aliichukua mwezi uliopita. Mguu wa kulia umekolea kuliko wa kushoto. Nikamwambia ni macho yake, ni mwanga wa taa. Fundi? Fundi upo?

Kipanga: Atajibu kesho.