Kifaa cha kufuatilia tuktuk kinaharibu redio ya FM: nirekebishe wapi kwenye bodi?

Fundi_Kongowea:
Assalam aleikum wadau. Nina bodi ya kufuatilia tuktuk, matabaka mawili, milimita 50 kwa 70. Ina regyuleta ya kuswichi ya kilohezi 500 inayoshusha 12 V ya betri hadi 4 V, moduli ya GSM ya 2G, GPS na kidhibiti kidogo. Ikiwashwa, redio ya dereva inajaa mchakacho, zaidi kati ya megahezi 90 na 100, na GPS inakawia sana kushika setilaiti. Upande wa VIN (pini ya chipu ya regyuleta inayopokea umeme wa betri) kuna kapasita moja tu ya elektroliti, 100 µF, iko milimita 25 kutoka kwenye chipu. Tabaka la chini ni graundi, ila njia mbili ndefu zinaikata katikati. Waya wa betri ni sentimita 80. Kabla sijaagiza bodi nyingine, nianzie wapi?

Solda_Likoni:
Wa aleikum salaam. Ifunge ndani ya kikopo cha bati, unganisha bati na graundi. Kelele itabaki humo humo.

Bi_Sakiti:
Bati peke yake halitoshi, ndugu yangu. Waya wa betri unatoka nje ya kikopo na kelele inatoka nao. Sentimita 80 ni karibu robo ya wimbi la megahezi 94, kwa hiyo huo waya ni antena nzuri kabisa ya masafa anayolalamikia. Tena kwa hewa yetu ya chumvi, pale bati linapogusana na bodi pakishika kutu, kinga imekwisha.

Fundi, tenganisha vyanzo kwanza. Ng'oa koili ya regyuleta, kisha ilishe reli ya 4 V kwa betri ya lithiamu. Mchakacho ukiisha, tatizo ni regyuleta. Ukibaki, tafuta kwenye kidhibiti au GSM. Halafu rudisha koili na ubane feraiti (kipande cheusi chenye tundu kinachozuia kelele) kwenye waya wa betri, karibu na bodi, nyaya zote mbili zipite tundu moja. Redio ikitulia, umejua kelele inatokea wapi.

Nina hakika kubwa ni ile kapasita. Kila swichi inapofunguka na kufungwa, mkondo unakatika ghafla katika kitanzi cha kapasita ya VIN, swichi za ndani ya chipu na graundi. Milimita 25 kwenda na kurudi ni kitanzi kikubwa, na induktansi yake (tabia ya kupinga mkondo usibadilike ghafla) inafanya volteji ya pini ya SW, ile inayokwenda kwenye koili, itetemeke kwa makumi ya megahezi na zaidi. Huo mtetemo ndio unaoangukia FM. Zile kilohezi 500 zenyewe ziko mbali na redio. Solda seramiki ya 100 nF na nyingine ya 10 µF kati ya VIN na GND, zikigusa pini kabisa, ile ndogo ikiwa karibu zaidi. Chagua aina ya seramiki iitwayo X7R, ya 50 V: seramiki ya volteji ndogo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ikishawekewa 14 V ya chaji. Elektroliti iache ilipo.

Mzee_Ampea:
Naunga mkono. Mtetemo ukibaki, weka snaba, yaani rezista na kapasita mfululizo za kuuzima. Pima masafa yake kwa osiloskopu, waya wa graundi wa probu uwe mfupi kama springi, la sivyo utapima kelele ya probu yenyewe. Tuseme ni megahezi 110. Ongeza kapasita ndogo kutoka SW hadi GND mpaka masafa yashuke nusu. Ikiwa imehitaji 330 pF, kapasitansi iliyojificha ni theluthi yake, 110 pF, na induktansi ni takriban 19 nH. Kipeuo cha pili cha 19 nH gawanya kwa 110 pF ni kama ohmu 13. Basi weka rezista ya ohmu 12 au 15 mfululizo na hiyo 330 pF. Kwa 14.4 V na kilohezi 500 inapoteza takriban miliwati 35, kwa hiyo saizi ya 0805 inatosha.

Fundi_Kongowea:
Shukran sana. Dada, je, nigawe graundi, ya GPS peke yake na ya regyuleta peke yake?

Bi_Sakiti:
Usigawe, tafadhali. Mkondo wa kurudi kwa masafa ya juu hupita chini kabisa ya njia iliyoupeleka. Ukikuta ufa unazunguka, na mzunguko huo ndio kitanzi kinachorusha kelele. Zile njia mbili zihamishie juu. Isipowezekana, ruka kwa rezista ya ohmu 0. Graundi ya chini ibaki nzima, na ile ya juu ishikwe na via (vitundu vya shaba vinavyounganisha matabaka) kila milimita 5 hadi 7 pembezoni.

Shaba ya SW iwe fupi na ndogo. Koili iwe ya aina iliyofunikwa, na ikiwa ina alama ya nukta, upande huo ndio uende SW, ili mizunguko ya nje ibaki upande uliotulia. Antena ya GPS ipeleke kona ya mbali na koili.

Mzee_Ampea:
Kichujio cha waya wa betri kiweke mlangoni, pale kwenye konekta. Kikikaa jirani na koili, kelele inakiruka hewani. Koili ya 2.2 µH kati ya seramiki mbili za 10 µF inafaa, na ile elektroliti ibaki upande wa regyuleta kuzuia kichujio kisitetemeke. Ukitumia shanga ya feraiti, angalia mkondo: hata kwenye nusu ya kiwango chake inaweza kuwa imepoteza sehemu kubwa ya ohmu zake.

Solda_Likoni:
Na ule mlio wa "drrr" kwenye spika?

Mzee_Ampea:
Huo ni wa GSM, hezi 217. Moduli inavuta mpaka ampea 2 kwa vipindi vya mikrosekunde 577. Weka 1000 µF ya ESR ndogo (ukinzani mdogo wa ndani) mdomoni mwa moduli, pamoja na 100 nF, 33 pF kwa megahezi 900 na 10 pF kwa 1800.